Moyo Unapokimbia Ujanani: Vidonge, Kuunguza Njia, au Kusubiri?

Barua tano tulizochagua safari hii zimeandikwa na vijana wa kati ya miaka 19 na 30, na zote zinahusu hitilafu katika mfumo wa umeme wa moyo. Kila mmoja anauliza atibiwe vipi. Kabla ya hapo kuna swali ambalo barua karibu zote zimeliruka: hitilafu yenyewe inaitwaje hasa? "Mapigo yasiyo ya kawaida" yanaweza kuandikwa kwenye cheti cha mtu asiyehitaji dawa yoyote na kwenye cheti cha mtu anayeweza kufa usingizini. Dawa inayomtuliza mmoja inaweza kumwangusha mwingine. Kwa hiyo katika kila jibu tumeanza na jina la hitilafu, ndipo tukaja kwenye tiba.

Wazazi wamekataa nisiunguzwe moyo

*Shikamoo Daktari. Nina miaka 23, niko chuo. Tangu nikiwa na miaka 19 moyo huanza kwenda mbio ghafla, mapigo 180 hadi 200 kwa dakika, kisha hutulia ghafla baada ya nusu saa au zaidi. Siku hizi ni mara mbili kwa mwezi. Siku moja nilifika hospitali moyo ukiwa bado unakimbia, nikapimwa ECG na kuchomwa sindano, ukatulia hapo hapo. Wakasema ni SVT. Natumia metoprololi miligramu 50 kila siku, nachoka mno na bado hali inanirudia. Sasa nimeshauriwa kuunguzwa sehemu ndani ya moyo. Wazazi wamekataa katakata. Nikubali? Na nikiacha kutibiwa kabisa itakuwaje? (Binti, miaka 23)*

Marahaba. Una kitu ambacho wengi hawana: karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, iliyochukuliwa moyo ukiwa unakimbia. Omba nakala, ipige picha, itunze kwenye simu. Bingwa wa umeme wa moyo ataitazama karatasi hiyo kabla ya kukuuliza lolote. Vijana wengi, hasa wasichana, huambiwa kwa miaka kwamba ni wasiwasi tu, kwa sababu kila wakifika hospitali moyo umeshatulia.

SVT, yaani mapigo ya mbio yanayoanzia juu ya chemba za chini za moyo, ni jina la ukoo. Ndani yake, kwa kijana ambaye moyo wake hauna ugonjwa mwingine, wako wawili wanaoonekana zaidi. Wa kwanza hukaa ndani ya nodi ya AV, kituo cha katikati kinachopitisha umeme kutoka chemba za juu kwenda za chini. Baadhi ya watu wana njia mbili pale, moja ya haraka na nyingine ya polepole. Pigo moja la mapema likiingia wakati njia ya haraka bado haijawa tayari, umeme hushukia ile ya polepole, hupandia ya haraka, na kuanza kuzunguka. Wenye aina hii mara nyingi huhisi shingo ikipiga kwa nguvu. Wa pili ni uzi wa ziada wa msuli, wa kuzaliwa nao, unaounganisha chemba ya juu na ya chini nje ya kituo hicho. Ili kuwatofautisha inatakiwa pia ECG ya wakati umetulia. Ikionyesha alama iitwayo delta, soma jibu la barua inayofuata, maana mambo yanabadilika.

Kama ECG ya utulivu ni safi, na ultrasaundi ya moyo haina kasoro, hali hii kwa kawaida haiui wala haiharibu moyo. Inaharibu mtihani, safari na usingizi. Wazazi wako waelezwe hivyo kwanza: uamuzi ulio mbele yenu unahusu namna utakavyoishi, wala hakuna saa inayohesabiwa. Ukisubiri mwaka mmoja, nafasi ya kupona kwa kuunguza haipungui.

Kuacha dawa kabisa ni chaguo halali kwa mtu anayepatwa mara moja au mbili kwa mwaka, mradi ajue kuzima shambulio mwenyewe. Kaa kitandani ukiwa umeegemea, nusu umeketi. Chukua bomba la sindano la mililita 10, tupu, lililotolewa sindano, ulipulize kwa mdomo kwa nguvu ya kutosha kuanza kusogeza pistoni, na uendelee kupuliza kwa sekunde 15. Hapo hapo mtu akulaze chali na kuinua miguu yako kwa nyuzi 45, aishikilie sekunde 15 nyingine, kisha uketi tena kama mwanzo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulipata kwamba kwa njia hii watu 43 katika kila 100 walirudi kwenye mapigo ya kawaida, wakati kwa kupuliza tu bila kulazwa walikuwa 17. Wanaoshindwa huwa wamepuliza sekunde tano tu, au wamechelewa kulala. Kinachofanya kazi ni ile damu inayorudi kifuani kwa wingi mara unapoachia pumzi. Ikirudi, mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo huamka na kuukata mzunguko. Usibonyeze mboni za macho kama wazee wa zamani walivyofundishwa, kwani jicho linaweza kuumia.

Ukijaribu mara mbili au tatu bila mafanikio na nusu saa imepita, nenda hospitali, na usiendeshe gari mwenyewe. Ukizimia, ukibanwa na kifua au ukikosa pumzi, nenda mara moja bila kujaribu chochote. Sindano uliyochomwa huenda ilikuwa adenosini: miligramu 6 kwa kasi kwenye mshipa mkubwa wa mkono, ikifuatiwa na maji ya chumvi, na ikishindikana 12. Hufanya kazi kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo mgonjwa huhisi kifua kimekabwa na kwamba mwisho umefika. Wauguzi wamwambie hivyo mapema. Mwenye pumu aseme kabla hajachomwa.

Sasa vidonge. Metoprololi na ndugu zake, kundi la beta-bloka, hupunguza idadi ya mashambulizi lakini hayaondoi ile njia ya pili. Uchovu wako, na pengine mikono baridi na ndoto mbaya, ni matokeo yanayojulikana ya kundi hilo. Kabla ya kukata tamaa na vidonge unaweza kumwomba daktari akubadilishie: bisoprololi huwachosha baadhi ya watu kidogo kuliko metoprololi, na verapamili au diltiazemu ni kundi tofauti kabisa. Mambo mawili usiyafanye peke yako. Usiongeze verapamili juu ya beta-bloka, kwa kuwa zikikutana moyo unaweza kwenda polepole mno. Na usiache beta-bloka ghafla, maana mwili uliozoea kuzuiwa hurudi na mapigo ya kasi zaidi kwa siku kadhaa. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Kuunguza njia, ambako hospitalini huitwa ablesheni, si upasuaji wa kufungua kifua. Utaacha dawa za mapigo siku kadhaa kabla, kwa ratiba utakayopewa, kwa sababu dawa ikiwa bado mwilini mzunguko unaweza kukataa kuonekana. Utafunga kula kwa takriban saa sita. Kwenye kinena utachomwa ganzi, kisha mirija myembamba, katheta, yenye unene wa milimita mbili hivi, itapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Daktari atausukuma moyo kwa umeme mdogo mpaka uanze kukimbia, wakati mwingine akisaidiwa na dawa ya dripu. Hali yako ya kila siku itakujia ukiwa mezani, na ndiyo wanayoitafuta. Ikikataa kabisa kutokea, na njia ya pili isionekane, unaweza kurudishwa nyumbani bila kuunguzwa. Ni kawaida, wala hujafanyiwa uzembe. Ikipatikana, ncha ya katheta hupashwa joto la nyuzi 50 hadi 60 hivi kwa sekunde 30 hadi 60, na kuacha kovu la milimita chache kwenye njia ya polepole. Kisha wanasubiri kama nusu saa na kujaribu tena kuuanzisha mzunguko. Baada ya hapo utalala chali saa nne hadi sita bila kukunja mguu, na kwa wiki moja hutanyanyua kitu kizito. Uvimbe wa rangi ya zambarau kwenye kinena ni kitu cha kawaida. Uvimbe unaokua, unaodunda, au mguu unaopoa si wa kawaida. Rudi siku hiyo hiyo.

Kwa mzunguko wa ndani ya nodi, zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona, na wachache kati yao hurudiwa na kuhitaji kuunguzwa mara ya pili. Hatari inayomhusu kijana kuliko zote ni moja: njia ya polepole iko jirani na kituo chenyewe, na kituo kikiungua, chemba za chini hazipati tena amri, ikabidi kuwekwa betri ya moyo. Hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100. Kwa mtu wa miaka 75 hilo ni tatizo dogo. Kwa wa miaka 23 ni kifaa kitakachobadilishwa kila baada ya miaka kumi hivi maisha yake yote. Ndiyo maana baadhi ya hospitali huwatibu vijana kwa kugandisha badala ya kuunguza. Ncha hupozwa kwanza hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Kituo kikionyesha kuyumba, wanaacha na tishu hurudi kama zamani. Kikiwa salama, wanashuka hadi nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Gharama yake ni kwamba hali hurudi mara nyingi zaidi kuliko kwa moto. Hatari nyingine, kama damu kuvujia kwenye mfuko wa moyo au damu kuganda mguuni, ni adimu lakini zipo, na lazima uzisome kwenye fomu ya ridhaa kabla ya kusaini.

Maoni yetu: kwa mashambulizi mawili kwa mwezi, na dawa inayokuchosha bila kuyamaliza, kuunguza ni chaguo bora kuliko kuendelea kumeza vidonge kwa miaka 40. Nenda na mzazi mmoja kwenye kliniki, na muulizeni daktari atakayeshika katheta: hufanya kazi hii mara ngapi kwa mwezi? Betri ngapi amelazimika kuweka kwa aina hii hii ya hitilafu? Ana mashine ya kugandisha? Akikuta mahali penyewe pako karibu mno na kituo, ataacha na kuzungumza nanyi kwanza? Daktari mzuri hujibu maswali hayo bila kukunja uso.

Sina dalili yoyote, lakini nimeambiwa nisicheze

*Habari za kazi. Nina miaka 19, nacheza mpira. Tulipopimwa afya kabla ya msimu, ECG yangu iliandikwa WPW. Sijawahi kuumwa wala kuhisi moyo kwenda mbio. Kocha amenisimamisha. Je, naumwa kweli? (Mchezaji)*

Herufi hizo ni za Wolff, Parkinson na White, madaktari walioieleza hali hii mwaka 1930. Ni ule uzi wa ziada tulioutaja juu, lakini wa kwako hupitisha umeme kwenda chini hata ukiwa umetulia, ndiyo maana ECG inaonyesha mwanzo wa pigo ukipanda taratibu kama mteremko. Hiyo ndiyo delta.

Hutakiwi kuingiwa na hofu, na kocha naye amefanya sawa. Hatari haiko kwenye uzi peke yake. Iko siku ambayo chemba za juu zitaanza kutetemeka ovyo, mamia ya mara kwa dakika. Kwa kawaida kituo cha katikati huchuja vurugu hiyo. Uzi wenye kasi hauchuji. Huipitisha yote, na chemba za chini zinaweza kuacha kusukuma damu. Hutokea kwa nadra sana kwa mtu asiye na dalili, lakini mara chache dalili ya kwanza ndiyo ya mwisho, na waathirika ni vijana. Kwa hiyo swali la kupimwa ni moja tu: uzi wako una kasi kiasi gani?

Kipimo cha kwanza ni kukimbia kwenye mashine ukiwa umeunganishwa na ECG. Delta ikipotea ghafla, kwa pigo moja, wakati mapigo yanapanda, uzi ni dhaifu na hatari ni ndogo. Isome vizuri neno "ghafla". Ikififia polepole haitoshi, kwani adrenalini ya mazoezi huharakisha kituo cha kawaida na kuifunika tu delta. Isipopotea ghafla, hufuata kipimo cha ndani kwa katheta, ambapo chemba za juu husukumwa kwa umeme na kupimwa muda mfupi kabisa kati ya mapigo mawili yanayopita kwenye uzi. Ukiwa milisekunde 250 au chini, uzi ni wa hatari, na kwa kawaida huunguzwa katika kikao hicho hicho. Uwezekano wa kupona ni karibu 95 kati ya 100, hupungua kidogo kutegemea mahali ulipo. Ulio upande wa kushoto humlazimu daktari kutoboa tundu dogo kwenye ukuta kati ya chemba za juu, au kupitia ateri. Ulio kando ya kituo cha katikati ndio mgumu kwa kijana, na hapo kuamua kuacha kwaweza kuwa busara kama kasi yake ni ndogo.

Usirudi uwanjani kwenye mashindano kabla ya majibu. Baada ya kuunguzwa na ECG kuwa safi, wengi huruhusiwa kucheza baada ya wiki chache.

Kuna jambo unalopaswa kulifanya leo, hata kabla ya vipimo. Tunza nakala ya ECG yako na andika kwenye karatasi: "Nina WPW. Nisipewe verapamili wala digoksini." Siku chemba za juu zikitetemeka, dawa hizo hufunga kituo cha kawaida na kuuachia uzi barabara nzima. Mapigo hayo, yenye kasi, yasiyo na mpangilio na yenye alama pana kwenye ECG, hutulizwa kwa mshtuko wa umeme au prokainamidi. Mhudumu wa zamu ya usiku asiyekujua anaweza kukosea kwa nia njema kabisa.

Daktari mmoja anasema kifaa, mwingine anasema vidonge

*Nina miaka 27. Mdogo wangu alifariki ghafla akiwa na miaka 20. Mimi nilizimia mara moja, alarmu ya simu iliponishtua alfajiri. ECG imeonyesha QT ndefu, 490. Nimeanzishwa propranololi miligramu 40 asubuhi na jioni. Nina kilo 60. Daktari mwingine anataka niwekewe kifaa cha kushtua moyo. Nimechanganyikiwa. (Dada mkubwa)*

Pole sana kwa msiba wa mdogo wako. Tunaanza na hesabu, maana humo ndimo jibu lilimo. Urefu wa QT ni muda, kwa milisekunde, ambao chemba za chini hutumia kujiandaa upya baada ya pigo. Kwa mwanamke ukizidi 460 unatiliwa shaka, 480 na zaidi kwa kurudiwa hutosha kuthibitisha, na 500 na zaidi ni eneo la hatari kubwa. Wako ni 490. Kuzimia kwa mlio wa ghafla ni tabia ya aina ya pili ya ugonjwa huu. Aina ya kwanza huamshwa na mazoezi, hasa kuogelea, na ya tatu hupenda usingizi. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuthibitisha.

Ulizimia kabla hujaanza dawa. Hilo ni muhimu. Kifaa hupendekezwa bila ubishi kwa mtu ambaye moyo ulishasimama akaokolewa, na kwa yule anayezimia akiwa tayari anameza beta-bloka ipasavyo. Kifo cha mdogo wako kinauma na kinaogofya, lakini peke yake hakitoshi kuamua kwamba wewe uwekewe. Kwa hali uliyoieleza, hatua ya kwanza ni dawa kamili. Na hapo tuna shaka na dozi yako. Miligramu 80 kwa siku kwa kilo 60 ni kama 1.3 kwa kilo, wakati kwa ugonjwa huu propranololi mara nyingi hupandishwa taratibu hadi miligramu 2 au 3 kwa kila kilo kwa siku. Muulize daktari kama 80 ni mwanzo wa safari au ndiyo mwisho. Muulize pia kuhusu nadololi, inayomezwa mara moja kwa siku; kidonge cha mara moja husahaulika kidogo, na kwa ugonjwa huu dozi iliyosahaulika ndiyo hatari yenyewe. Usikubali kubadilishiwa metoprololi kwa sababu tu ndiyo iliyopo: kinga yake hapa ni dhaifu kuliko ya hizo mbili.

Kifaa chenyewe kina uzuri mmoja mkubwa: moyo ukisimama, hushtua ndani ya sekunde chache. Lakini hakizuii shambulio lisitokee. Betri yake hudumu miaka 7 hadi 12 hivi, kwa hiyo kwa umri wako utarudi kwenye chumba cha upasuaji mara nyingi, na kila mara mlango wa maambukizi hufunguliwa. Waya unaopita ndani ya mshipa huchoka na kukatika kwa mtu mwenye miaka mingi ya kuishi na kutumia mikono. Na kifaa kinaweza kushtua bure, kikidhani mapigo ya mazoezi ni ya hatari. Mshtuko wa bure nao hupandisha adrenalini, jambo ambalo moyo wako haulitaki. Kipo kinachowekwa chini ya ngozi ya ubavu wa kushoto bila waya ndani ya moyo, kinachowafaa vijana wengi, ila hakiwezi kuusukuma moyo unaokwenda polepole. Wanaozimia licha ya dawa wana njia nyingine pia, ya kukata neva za simpathetiki, zile zinazouharakisha moyo, upande wa kushoto wa kifua.

Yanayobaki yako mikononi mwako, na tunayapa uzito sawa na vidonge. Ondoa alarmu na simu yenye mlio mkali chumbani. Ukitapika au kuharisha, usisubiri: potasiamu ikishuka, QT hurefuka, hivyo kapime damu. Kila unapoandikiwa dawa, sema una QT ndefu. Orodha ya zinazoirefusha ni ndefu na ina dawa za kawaida kabisa: erithromisini, klarithromisini, azithromisini, flukonazoli, domperidoni, ondansetroni, haloperidoli, sitalopramu, methadoni, klorokwini, kwinini, halofantrini. Baadhi ya dawa za malaria ziko humo, lakini malaria isiyotibiwa huua. Usikatae tiba, omba upewe ukiwa chini ya uangalizi wa ECG.

Ukipata ujauzito usiache beta-bloka. Miezi tisa baada ya kujifungua, si ile ya mimba, ndiyo yenye hatari zaidi kwa aina ya pili; usiku wa kuamshwa na mtoto una sehemu yake. Na wazazi na ndugu zako wote waliobaki wapimwe ECG, hata wasiowahi kuzimia. Kila mtoto wa mwenye kinasaba hiki ana nusu ya uwezekano wa kukirithi.

Mapigo 1,200 yaliyoruka

*Nina miaka 30. Nimevaa mashine ya saa 24, imehesabu mapigo ya ziada 1,200 kutoka chemba za chini. Ultrasaundi ni nzuri. Nataka dawa ya kuyaondoa. (Mfanyakazi wa ofisini)*

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Yako 1,200 ni kama asilimia 1. Moyo ukiwa mzima, kiasi hicho hakihitaji dawa, na dawa nzito za mapigo zingekuletea hatari kubwa kuliko kinachokusumbua. Tunaanza kufuatilia kwa karibu yakizidi asilimia 10, na yakikaa juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu yanaweza kuulegeza msuli wa moyo. Hapo kuunguza chanzo huwa na maana, na msuli mara nyingi hupata nguvu tena.

Pima tezi ya thairoidi, potasiamu na magnesi. Acha vinywaji vya kuongeza nguvu, punguza pombe, lala. Rudia ultrasaundi baada ya mwaka. Usikubali jibu hili kama mapigo hayo huongezeka unapokimbia, umewahi kuzimia, au kuna ndugu aliyekufa ghafla kijana. Katika hali hizo omba kipimo cha mazoezi na MRI ya moyo.

Natumia amiodaroni na nataka kuzaa

*Nimeolewa, nina miaka 26. Nina SVT na kwa mwaka mmoja nameza amiodaroni miligramu 200 kwa siku. Haijanisumbua. Tunatafuta mtoto. Niendelee? (Mama mtarajiwa)*

Ahirisha kwanza kutafuta mtoto, na umwone bingwa wa moyo wiki hii. Usiache dawa mwenyewe. Amiodaroni ni dawa yenye nguvu na ina mahali pake, lakini kumpa mwanamke wa miaka 26 mwenye SVT na moyo mzima, kila siku kwa mwaka, ni kutumia silaha ya mwisho mwanzoni. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina ayodini karibu miligramu 75; mwili wa mtu mzima unahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ayodini hiyo hupita kwa mtoto na inaweza kuvuruga tezi yake, tezi inayoujenga ubongo. Kwako wewe dawa hujikusanya kwenye thairoidi, ini, mapafu na ngozi. Pima thairoidi na ini sasa hata kama hujisikii vibaya, na kama una kikohozi kikavu au pumzi fupi, kifua nacho.

Tatizo lingine ni kwamba hukaa kwenye mafuta ya mwili na huchukua wiki hadi miezi kutoka. Kwa hiyo ukiacha leo, haina maana uko tayari mwezi ujao. Tumia uzazi wa mpango katika kipindi hicho, na mpange na daktari tarehe ya kuanza kujaribu.

Tumia muda huo kuunguzwa. Mimba huongeza ujazo wa damu na kasi ya mapigo, na mashambulizi ya SVT mara nyingi huzidi, wakati ambapo kila dawa inabidi ifikiriwe mara mbili. Kuunguza kabla ya mimba kunaondoa tatizo hilo, na hakuna eksirei ya kuongozea katheta inayomfikia mtoto ambaye bado hayupo. Usipotaka, au isipowezekana, metoprololi ndiyo inayotumika zaidi mimba ikiwepo, kwa kipimo kidogo kinachotosha na ukuaji wa mtoto ukifuatiliwa. Atenololi iepukwe, kwani imehusishwa na watoto wenye uzito mdogo. Shambulio likija ukiwa mjamzito, ujanja wa kupuliza wa barua ya kwanza unaruhusiwa, ila miezi ya mwisho ulazwe ukiwa umegeukia ubavu wa kushoto kidogo ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Adenosini nayo inaruhusiwa. Haidumu kwenye damu kiasi cha kumfikia mtoto. Umwambie mkunga haya yote kwenye hudhurio la kwanza la kliniki, na yaandikwe kwenye kadi yako.